Mkwaruzo wa Kununua

Fundi wa redio hulipwa ili auondoe mkwaruzo katika sauti. Mpiga gitaa wa hevi metali hulipa ili aupate. Watu wawili hawa wakikutana mbele ya meza moja, kila mmoja humwona mwenzake amepotoka, ilhali wote wawili wanasema kweli juu ya kitu kimoja. Kitu hicho ni amplifaya. Amplifaya inayotakiwa na muziki huu haifanani na ile ya kwaya, wala na ile iliyozifaa bendi za dansi. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe katika Morogoro Jazz lilitoka safi, kila noti ikisikika peke yake kama tone la maji juu ya bati. Mpiga hevi metali hutaka noti zishikamane, zivume, zidumu kuliko uzi wenyewe unavyoweza kudumu, na zinapokatwa zikatike ghafula mfano wa mlango uliobamizwa.

Muziki huo ulizaliwa Uingereza, katika Birmingham, mji wa viwanda vya chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani. Kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikibana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi zisimwumize. Gitaa likashuka chini, likawa zito. Amplifaya yake ilikuwa ya Laney, kazi ya mji huo huo, na sahani ya kwanza ya kundi lake ilitoka mwaka 1970. Afrika ya Mashariki nayo ina fungu lake katika habari hii. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury, aliimba pamoja na kundi la Queen wimbo uitwao "Stone Cold Crazy" mwaka 1974, wimbo wa mbio na ukali ambao kundi la Metallica liliurekodi tena mwaka 1990 na kupata kwao tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Siku hizi Nairobi na Kampala zina makundi yao ya hevi metali. Hata reli ya TAZARA ipitayo Makambako, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, huishia New Kapiri Mposhi katika Zambia, nchi ambayo vijana wake wa miaka hiyo hiyo, mathalani kundi la WITCH, walikuwa wakipiga roki ya magitaa yenye kukwaruza. Mtu asemaye ya kwamba sauti hiyo ni ngeni kabisa katika nyanda hizi hajaifuata reli mpaka mwisho wake.

Njombe ni mji wa baridi. Uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika Juni na Julai yako mapambazuko ambayo mashamba ya bondeni huamka meupe kwa jalidi. Miti ya miwati, iliyoanza kupandwa kwa biashara kubwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1949, chai, mbao, viazi mviringo, na katika miaka ya karibuni parachichi, ndiyo mali ya nchi hiyo. Kijana mmoja wa huko, mkulima wa viazi na mpiga gitaa wa kwaya, alikuwa ameweka akiba ya misimu mitatu. Gitaa alikuwa nalo. Amplifaya aliyokuwa akiitumia ilikuwa mali ya kwaya, na haikumpasa kupigia nyimbo za namna ile. Mama yake naye alikuwa na shauri juu ya akiba hiyo hiyo. Jiko la nyumba lilikuwa bado la nyasi, na kila masika moto ulizimwa na matone. Hawakugombana. Mama alimwuliza mwanawe jambo moja tu: "Hicho chombo kinakula kiasi gani?" Kijana alidhani anaulizwa bei, akataja bei. Mama alikuwa akiuliza umeme.

Chombo alichokitamani kijana kilikuwa cha wati 100. Aghalabu ndivyo watamanivyo wote, maana ndicho kilicho katika picha: ukuta wa masanduku meusi nyuma ya watu wenye nywele ndefu. Majina yake aliyajua kwa moyo kama mtoto ajuavyo majina ya wachezaji wa mpira. Alijua Marshall ya JCM800 namba 2203, ya mwaka 1981, yenye valvu kubwa 4 za EL34. Alijua Mesa/Boogie ya Mark IIC+, ambayo Metallica waliitumia katika sahani ya mwaka 1986 iitwayo "Master of Puppets". Zaidi ya zote alijua Peavey ya 5150, iliyotoka mwaka 1992 kwa jina la Eddie Van Halen, yenye wati 120, valvu kubwa 4 za 6L6 na ndogo 5. Mwenye jina alikuwa mpiga roki ya furaha, lakini wapiga hevi metali waliinyakua wakaifanya yao. Nje ya mlango wa Njombe majina hayo yote ni sauti tu. Ndiyo sababu kijana alishuka Makambako, kilomita 60 hivi, kwa fundi mzee wa redio ambaye watu wa kwaya humtegemea.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

Kijana alitoa simu, akamsikilizisha mzee kipande cha muziki. Mzee aliisogeza simu sikioni, akaigeuza, akaitazama tundu la spika.

"Spika ya simu hii imepasuka."

"Hapana, baba. Ndiyo sauti yenyewe."

"Yaani waliirekodi ikiwa mbovu?"

"Waliikwaruza kwa makusudi. Mimi nataka kununua amplifaya ifanyayo hivyo."

Mzee alicheka hata akavua miwani. Kisha akanyamaza, akaomba kipande kile kirudiwe, na mara ya pili hakucheka. Alisikia ya kwamba mkwaruzo ule ulikuwa sawa mwanzo hata mwisho, haukutetemeka wala haukupotea, jambo ambalo mkwaruzo wa ubovu haulifanyi. Akapanda juu ya kiti, akateremsha rafuni redio ya zamani iliyojaa vumbi, akafungua mgongo wake, akamwonyesha kijana vichupa vya kioo.

Valvu ni kichupa kilichotolewa hewa. Katikati yake mna kijiti cha madini kinachopashwa moto na uzi mwembamba, na kijiti hicho kikiiva hutoa elektroni kama sufuria ichemkayo itoavyo mvuke. Kukizunguka kuna wavu wa waya, na nje ya wavu kuna bamba lenye volti nyingi, liziitalo elektroni zije kwake. Umeme mdogo wa gitaa hupelekwa kwenye wavu. Wavu ukilegeza, mto mkubwa wa elektroni hupita, ukikaza, mto hupungua. Hivyo unyonge wa uzi wa gitaa hugeuka nguvu ya kuisukuma spika. Walakini mto huo una kingo zake. Wimbi likizidi nafasi iliyopo, kilele chake hukatwa na bonde lake hukatwa, likabaki wimbi lenye kichwa bapa mfano wa michai ya Luponde baada ya kupogolewa. Wimbi bapa ndilo mkwaruzo. Katika amplifaya za hevi metali valvu ndogo kadhaa hupangwa mfululizo, kila moja ikilikata zaidi lile lililokwisha kukatwa, hata mguso mwepesi wa kidole ukavuma kama ngurumo. Hapo ndipo kijana alipofumbuka macho juu ya jambo ambalo picha hazikumwambia: mkwaruzo wa muziki huu hufanywa zaidi na valvu ndogo za mwanzo, ambazo ni zile zile katika chombo cha wati 100 na katika chombo cha wati 20. Valvu kubwa huongeza kishindo, na uthabiti wa besi. Lakini tabia ya sauti imekwisha kuumbwa kabla haijazifikia.

Redio nyingi za kwanza za wananchi katika pande hizi za Afrika zilikuwa za valvu. Mwaka 1949, mjini Lusaka, serikali ya ukoloni ilianza kuwauzia Waafrika redio ya betri yenye valvu nne ndani ya sufuria isiyo mpini, kwa bei ya pauni 5, na watu wakaijua kwa jina la sufuria. Lakini transista ilikuwa imekwisha buniwa Marekani mwaka 1947. Ilipoingia sokoni iliishinda valvu kwa bei, kwa udogo na kwa uvumilivu. Wapiga magitaa ni katika wachache waliokataa kuiacha. Kwa hiyo viwanda vinavyotengeneza valvu za magitaa vimebaki kidogo sana duniani: Saratov katika Urusi, Čadca katika Slovakia, na vingine katika China. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, khofu ya kukatika kwa valvu za Urusi ilitosha kupandisha bei. Mtu wa Njombe anunuaye amplifaya ya valvu hujifunga na miji mitatu ambayo hataiona, na yampasa alijue hilo kabla ya kutoa fedha.

Fundi hakumshauri kijana anunue wala asinunue. Alimwazima mita, akamwambia apime volti za tundu la ukutani kwake asubuhi, adhuhuri na usiku kwa muda wa juma moja, aandike katika daftari. Shauri hilo lilikuwa na thamani kuliko maneno yote. Mstari mkubwa wa kilovolti 220 utokao Makambako kwenda Songea, uliokamilika mwaka 2018, umeeneza umeme wa gridi upande wa kusini. Lakini kati ya mnara wa chuma na tundu la ukutani mna njia ndefu, na nyumba iliyo mwisho wa waya mwembamba hupata kibakizo baada ya mashine za mbao na za unga kuchukua fungu lao. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Daftari la kijana lilionyesha kwamba jioni, saa ambazo yeye huwa ametoka shambani, volti ziliteremka, na usiku mmoja zikafika 184.

Hesabu yake ni nyepesi. Volti 184 ni fungu 8 katika 10 za 230. Uzi wa valvu uliofanyiwa volti 6.3 hupata volti 5 tu. Bamba la volti 450 hupata 360. Watengenezaji wa valvu huvumilia tofauti ya moja katika kumi juu au chini, si mbili. Uzi usiopashwa vya kutosha hutoa elektroni chache, sauti hulegea ikawa kama uji, na kijiti kikilazimishwa kufanya kazi kikiwa baridi huchakaa kabla ya siku zake. Upande wa pili nao una hatari yake: mashine za mbao zikizimwa kwa pamoja umeme hupanda, na wakati wa masika radi ya Njombe hupenya katika nyaya. Basi bei ya amplifaya si bei ya amplifaya peke yake. Lazima iongezwe stabilaiza iliyo nzuri, na desturi ya kuchomoa waya ukutani wingu linapojikusanya.

Hapo wati 100 zilianza kupungua heshima. Valvu 4 za EL34 hula wati 38 kwa kuwaka tu, kabla ya noti ya kwanza kupigwa. Swali la mama lilikuwa swali la kitaalamu. Tena sikio halihesabu kama mkoba uhesabuvyo. Kutoka wati 50 hadi 100 tofauti ni desibeli 3, ambayo mtu huitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike maradufu, yatakiwa wati mara kumi. Wati 20, kwa hiyo, si moja ya tano ya kishindo cha wati 100, ila zaidi ya nusu yake. Na spika yaweza kurudisha kilichopungua: spika itoayo desibeli 100 kwa wati moja badala ya 97 ni sawa na kuongeza wati mara mbili bila kuongeza valvu hata moja. Celestion ya Vintage 30, ya inchi 12, ni ya namna hiyo. Wanunuzi wengi humaliza fedha zao katika amplifaya, wakaiunganisha na spika ya kuokota, kisha wakailaumu amplifaya. Brian May wa Queen, mwenzake yule mwana wa Unguja, amejaza viwanja vya mpira kwa Vox za AC30, za wati 30 kila moja. Ni kweli kwamba jukwaani huwasha zaidi ya moja, lakini kijana wa Njombe hakuwa na kiwanja cha kujaza. Alikuwa na ghala la viazi.

Palikuwa na njia ya tatu, na haki yataka itajwe. Dimebag Darrell wa kundi la Pantera alijipatia sifa katika hevi metali kwa amplifaya za Randall zisizokuwa na valvu kabisa, na sahani ya "Cowboys from Hell" ya mwaka 1990 ni ushahidi ya kwamba ukali hauhitaji kioo. Chombo cha transista ni rahisi, hakitetereki sana volti zikishuka, hakina cha kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Mtu asiye na fundi karibu, wala spika nzuri, wala umeme wa kutegemewa, angefanya vema kukinunua na kulala usingizi. Fundi alilisema hilo waziwazi. Kijana alikubali kwa akili, na moyo ukakataa. Alitaka sauti ifuatayo kidole, ilainike akigusa polepole na ikwaruze akibonyeza, nayo valvu hulitenda jambo hilo kwa utii usiosahauliwa na aliyekwisha kuuonja. Si kila sababu ya ununuzi hupita katika mita.

Aliyemtafutia chombo alikuwa mtu wake aliyeko Nairobi. Cha kwanza kilichopatikana kilikuwa kikubwa na cha bei ndogo ajabu, na kijana angelipa siku hiyo hiyo lau fundi hakuomba picha ya mgongo wake. Palikuwa pameandikwa volti 120, mizunguko 60. Kilikuwa chombo cha Marekani. Volti zaweza kupunguzwa kwa transfoma ya kando, nayo ni mzigo mwingine na gharama nyingine. Lakini mizunguko haipunguzwi wala kuongezwa, na transfoma iliyofanywa kwa mizunguko 60 hupata joto zaidi katika nchi ya mizunguko 50. Kikaachwa. Cha pili kilikuwa Peavey ya 6505 MH, mdogo katika ukoo wa ile 5150 ya ndoto: wati 20, valvu kubwa 2 za EL84, ndogo 3, na swichi ya kuishusha hadi wati 5 au wati 1 kwa saa za usiku. Nyuzi za valvu zake zote kwa pamoja hula wati 15. Mgongoni palisomeka 230.

Kilikuja kwa basi mpaka Makambako, valvu zikiwa zimetolewa, kila moja imeviringishwa katika kitambaa na kutiwa ndani ya kopo la maziwa, kwa kuwa matuta ya barabarani huzivunja zikiwa matunduni. Fundi alizirudisha mwenyewe. Alimwonya kijana mambo mawili kwa sauti ambayo hakuitumia siku ya kwanza. Asiwashe kamwe pasipo spika, maana transfoma ya kutolea sauti huungua. Wala asitie mkono ndani hata kama waya umechomolewa, kwa sababu kapasita huhifadhi volti za kuua baada ya taa kuzimika. "Mimi mwenyewe," alisema, "huzitua kwanza kwa kizuizi, kisha napima, kisha naomba Mungu."

Sanduku la spika hakulinunua. Alilitengeneza kwa msonobari wa Njombe, mbao zilizokaa zaidi ya mwaka zikikauka, akafunga mgongo wote ili besi isitawanyike. Wenye ujuzi wa Ulaya hupenda mbao za tabaka za mti wa betula. Lakini Fender wa Marekani walifanya masanduku ya msonobari miaka mingi, na watu hawakulalamika. Fedha iliyobaki, baada ya stabilaiza na valvu mbili za akiba, ilitosha kununua mabati ya upande mmoja wa paa la jiko. Mama alichagua upande wa mashariki, utokeako mvua ya upepo. Upande wa pili unangoja viazi.

Mazoezi hufanywa ghalani. Kijana huwasha kwanza stabilaiza, akatazama sindano yake, kisha amplifaya, akangoja dakika mbili huku mikono ikiwa karibu na kioo, kwa kuwa katika Julai hapana moto mwingine humo ndani. Ghala likiwa limejaa magunia sauti hukauka, kila pigo likaanguka lilipokusudiwa, naye huongeza besi kidogo. Magunia yakishauzwa, kuta za matofali huanza kuurudisha mvumo, ukamkorogea nyuzi za chini. Basi huipunguza besi, akasogeza mlango ukawa wazi nusu ili uliozidi utoke nje.